Chunusi za ukubwani: tyubu ipi, kidonge kipi, kwa uso upi

Ukienda kuuliza dawa ya chunusi kwenye farmasi za Lubumbashi, ziwe za katikati ya mji au za pembeni mwa soko la Kenya, mara nyingi utaulizwa kwanza una pesa ngapi, si una chunusi za aina gani. Ndiyo maana watu wawili wenye matatizo tofauti kabisa hutoka na tyubu ileile, na baada ya mwezi wote wawili wanasema dawa ni ya bure tu. Dawa za chunusi zenye ushahidi si nyingi. Kila moja ina kazi yake, ina mahali inaposhindwa, na ina watu ambao haiwafai kabisa.

Chunusi za mtu mzima, yaani zinazoendelea au kuanza baada ya umri wa miaka 25, zina tabia zake. Huwapata wanawake kuliko wanaume. Hupenda kidevu, taya na juu ya shingo. Huwa chache lakini za ndani, zinazouma ukizigusa, na kwa wengi huamka siku chache kabla ya hedhi. Kwenye ngozi nyeusi kuna jambo jingine lenye uzito sawa na kipele chenyewe, nalo ni alama. Kipele kinaweza kuisha kwa wiki moja au mbili, alama yake ikabaki miezi. Kwa hiyo kila dawa hapa tunaiuliza mambo mawili: inazuia kipele kwa kiasi gani, na inaichoma ngozi kwa kiasi gani. Ngozi nyeusi iliyochomwa na dawa huweka doa hata pale ambapo hapakuwa na kipele.

Kwanza, hakikisha ni chunusi

Chunusi za kweli huchanganyika. Utaona vidoa vyeusi vya vinyweleo vilivyoziba, vichwa vyeupe, na vipele vilivyovimba, vyote kwenye uso mmoja. Vikiwa vya ukubwa mmoja, vidogo, vinawasha, vimejaa kwenye paji la uso, kifua na mgongo, na tena vimezidi baada ya kumeza antibiotiki, huyo huenda ni fangasi wa vinyweleo. Anatibiwa kwa shampuu ya ketokonazoli 2%: paka povu, subiri dakika 5, suuza. Dawa za chunusi hazimgusi.

Mwanaume mwenye vipele shingoni na chini ya taya tu, mahali wembe unapopita, ana ndevu zinazojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Hapo tyubu ya kwanza si dawa, ni kuacha kunyoa mpaka kwenye ngozi: tumia mashine ya kunyolea inayobakiza nywele za milimita 1 hivi. Vipele vilivyopanga mstari chini ya nywele, kwenye paji na pembeni mwa uso, mara nyingi vinatoka kwenye mafuta mazito na pomadi za nywele. Hivyo hupungua vyenyewe pomadi ikiondolewa, lakini vipe wiki kadhaa.

Halafu kuna chunusi zinazoletwa na dawa nyingine. Vidonge vya deksametasoni vinavyouzwa ili mtu anenepe, sindano za vitamini B12, na isoniazidi ya kifua kikuu, vyote vinaweza kuleta vipele vya ghafla vinavyofanana. Vya kunenepa havikustahili kumezwa tangu mwanzo. Lakini kama umevitumia muda mrefu, usiviache ghafla bila daktari, kwa sababu tezi za mwili zinazotengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo zinakuwa zimelala. Dawa ya kifua kikuu nayo usiiache kwa ajili ya uso. Waambie tu waliokupa, watakuongezea krimu.

Adapaleni au benzoili peroksidi?

Hizi ndizo nguzo mbili za kupaka, na swali la watu wengi huishia hapa.

Adapaleni hufanya kazi pale kipele kinapozaliwa. Inazuia seli zilizokufa zisizibe mdomo wa kinyweleo. Haikaushi kipele unachokiona leo. Ni dawa ya vipele vya mwezi ujao, na asiyejua hilo huiacha wiki ya tatu. Nguvu ya kawaida ni 0.1%, jeli au krimu. Kwa ngozi kavu chagua krimu, kwa ngozi ya mafuta jeli. Marekani iliruhusu iuzwe bila cheti cha daktari tangu 2016, jambo linaloonyesha usalama wake ukilinganisha na ndugu yake mzee, tretinoini.

Namna ya kuipaka ndiyo inayoamua kama utaivumilia. Usiku, osha uso kwa sabuni laini, ukaushe kwa kitambaa bila kusugua, subiri dakika 15 hadi 20 mpaka ngozi iwe kavu kweli. Kamua kiasi cha punje moja ya njegere. Gusa nukta moja kwenye paji, moja kila shavu, moja kidevuni, kisha sambaza uso mzima. Usipake juu ya kipele peke yake. Ruka kope, pembe za pua na pembe za mdomo. Hapo ndipo ngozi inapochanika kwanza. Wiki mbili za mwanzo, usiku mbili kwa wiki. Wiki mbili zinazofuata, usiku mmoja paka, mmoja acha. Baada ya hapo kila usiku kama ngozi imetulia. Ikikauka na kubanduka, paka krimu ya kulainisha kwanza, halafu adapaleni juu yake. Kati ya wiki ya 2 na ya 6 vipele vinaweza kuongezeka kidogo, maana vile vilivyokuwa njiani vinatoka kwa pamoja. Hukumu yake ni wiki ya 12, si kabla.

Kwa Lubumbashi msimu nao una neno. Juni na Julai hewa ni kavu na ya baridi, midomo inapasuka hata bila dawa. Anayeanza adapaleni wakati huo apande taratibu zaidi ya ratiba ya hapo juu, la sivyo ataacha kwa sababu ya ngozi kuwaka, na si kwa sababu dawa imeshindwa.

Benzoili peroksidi ni ya haraka zaidi. Inaua bakteria wa chunusi kwa oksijeni, na bakteria hawajapata njia ya kuizoea kama wanavyozoea antibiotiki. Tofauti huanza kuonekana wiki ya 2 hadi ya 4. Inauzwa kwa nguvu ya 2.5%, 5% na 10%, na hapa ndipo wengi wanapotupa pesa na ngozi pamoja. Ya 10% inachoma zaidi bila kupunguza vipele vilivyovimba zaidi ya ile ya 2.5%. Ukiikuta ya 2.5 au 5, usimsikilize anayekuambia "chukua kali." Boksi za kutoka Ulaya huandikwa peroxyde de benzoyle, zile zinazopita Kasumbalesa kutoka Zambia huandikwa benzoyl peroxide, dawa ni ileile.

Kasoro yake kubwa ya nyumbani: inachujua rangi ya nguo. Foronya, taulo, kola ya shati, foulard ya wax, chochote chenye rangi kinachogusa uso wenye dawa hutoka madoa meupe yasiyofulika. Tumia taulo nyeupe na foronya nyeupe, na uache dawa ikauke kabla ya kufunga kitambaa cha kichwa. Ngozi haichujui. Tunasema hivyo kwa sababu kuna wanaoiogopa kwa hilo, na kuna wanaoinunua kwa hilo. Anayeona ngozi haivumilii anaweza kuipaka kama sabuni: iache dakika 2 hadi 5, kisha suuza. Kwa mgongo na kifua njia hiyo ndiyo bora, maana shati linapona. Itunze mahali pa baridi. Joto linaivunja na kutoa benzini, kemikali mbaya. Tyubu iliyokaa kwenye kibanda cha mabati juani tangu asubuhi iache palepale.

Sasa ipi? Kama tatizo lako ni vidoa vyeusi na vichwa vyeupe vingi, adapaleni. Kama ni vipele vilivyovimba vyenye usaha, anza na benzoili. Kama ni vyote, na kwa watu wazima wengi ni vyote, tumia zote mbili: benzoili asubuhi, adapaleni usiku. Kuna tyubu moja yenye adapaleni 0.1% na benzoili 2.5% pamoja, nzuri kwa anayesahau, ila bei yake huwa juu kuliko tyubu mbili za kawaida. Adapaleni haiharibiki ikikutana na benzoili. Tretinoini ya kawaida inaharibika, na mwanga pia unaiharibu, kwa hiyo kama ndiyo uliyoipata, ipake usiku na usiichanganye na benzoili kwa wakati mmoja.

Asidi salisiliki, 0.5% hadi 2%, iliyomo kwenye sabuni na losheni nyingi za uso, husafisha vinyweleo vilivyoziba lakini ni dhaifu kuliko zote mbili. Inafaa kwa mwenye vidoa vyeusi vichache puani. Kwa chunusi za kwenye taya ni kupoteza muda.

| Dawa ya kupaka | Mara kwa siku | Tofauti huonekana | Huchoma? | Mjamzito |
|---|---|---|---|---|
| Adapaleni 0.1% | 1, usiku | wiki 8–12 | ndiyo, mwezi wa kwanza | asitumie |
| Benzoili 2.5–5% | 1, asubuhi | wiki 2–4 | kiasi | inaruhusiwa |
| Asidi ya azelaiki 15–20% | 2 | wiki 8–12 | huwasha dakika chache | inaruhusiwa |
| Klindamisini 1% peke yake | – | – | kidogo | usiinunue peke yake |

Kabla ya kulipa, piga hesabu ya gramu. Kupaka uso mzima mara moja hutumia karibu nusu gramu. Tyubu ya gramu 30 inayopakwa mara moja kwa siku hufika siku 60. Inayopakwa mara mbili huisha ndani ya mwezi. Kwa miezi mitatu ya adapaleni unahitaji tyubu mbili, kwa azelaiki tatu. Kama mfuko unatosha tyubu moja tu ya azelaiki, ni afadhali pesa hiyo iende kwa benzoili.

Azelaiki dhidi ya krimu za "kusafisha uso"

Mshindani mkubwa wa dawa za chunusi mjini si dawa nyingine ya chunusi. Ni zile krimu za kujichubua, na ile mikebe ya "mchanganyiko" ambayo muuzaji mwenyewe ameikoroga. Ndani yake mara nyingi mna hidrokinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, na mara nyingi zaidi mna klobetasoli au betametasoni, steroidi kali zilizotengenezwa kwa ajili ya magonjwa mengine ya ngozi.

Ni lazima tukubali kwa nini zinashinda mwanzoni. Steroidi inazima uvimbe kwa siku chache. Kipele kinalala, alama inafifia, uso unang'aa, na hakuna adapaleni inayoweza kushindana na hilo katika wiki ya kwanza. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, inaota nywele laini, na vipele vipya vinatokea, vidogo, vyote sawasawa, vimejaa kidevu na mashavu. Ukiiacha ghafla uso unawaka, unavimba, na mtu anairudia kwa sababu ndiyo pekee inayouzima moto. Hidrokinoni ikitumika miaka, nayo huweza kuleta madoa ya rangi ya bluu-nyeusi yanayokaa ndani kabisa, ambayo hata mabingwa wa ngozi hushindwa kuyaondoa vizuri. Yaani mtu aliyenunua krimu kuondoa alama anaishia na alama isiyotoka.

Aliyezoea krimu hizo kwa miezi asiziache siku moja. Daktari hupunguza kwa hatua, akishusha nguvu ya steroidi huku akianzisha dawa ya chunusi taratibu. Tarajia wiki kadhaa za uso mbaya. Hakuna njia ya mkato hapo.

Asidi ya azelaiki ndiyo jibu la haki kwa swali lilelile. Jeli ya 15% au krimu ya 20%, asubuhi na usiku, hupunguza kipele na alama kwa pamoja, kwa sababu huzuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi pale kinapofanya kazi kupita kiasi. Ngozi yako ya kawaida inaiacha na rangi yake. Mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kuitumia. Huwasha kama pilipili nyepesi kwa dakika chache katika wiki za mwanzo, kisha mwasho unapungua. Udhaifu wake: ni ya polepole, inataka mara mbili kwa siku, haiwezi vipele vya ndani sana, na haipatikani kila farmasi, uliza acide azélaïque kwenye farmasi kubwa na uwe tayari kuagiza. Krimu za vipodozi zenye 10% zipo, ni dhaifu zaidi.

Alama haziondoki kirahisi bila kinga ya jua, hata ukipaka nini. Krimu ya jua ya SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi kila asubuhi, na ikipatikana yenye rangi ni bora kwa ngozi nyeusi, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaotia alama weusi. Jua la Septemba na Oktoba, kabla mvua haijafungua, halicheki na mtu. Ndimu usoni na dawa ya meno juu ya kipele huchoma tu, na kuchoma ndiko kunakoleta alama.

Klindamisini peke yake: hapana

Jeli ya klindamisini 1% na ya eritromisini ndizo rahisi kupata, na ndizo zinazouzwa vibaya kuliko zote. Antibiotiki ya kupaka ikitumika peke yake, bakteria huizoea, na baada ya muda haifanyi kitu. Ipake pamoja na benzoili, kwa miezi isiyozidi mitatu, au usiinunue. Anayekupa klindamisini bila benzoili amekuuzia nusu ya dawa.

Vidonge: doksi, spironolaktoni, vya uzazi

Tyubu zikishindwa baada ya wiki 12 za kupaka kwa kweli, au vipele vikiwa vya ndani na vinauma tangu mwanzo, ndipo vidonge vinaingia.

Doksisiklini inajulikana na kila nyumba hapa, wengine kwa kinga ya malaria, wengine kwa dozi iliyobaki ya ugonjwa mwingine. Dozi iliyobaki haitibu chunusi. Kinachohitajika ni 100 mg kwa siku kwa miezi 3, daima pamoja na benzoili au adapaleni ya kupaka, halafu kidonge kinasimama na tyubu inaendelea. Isiwe ya mwaka mzima.

Inaharibika kwa mambo matatu. La kwanza ni kuimeza kavu usiku na kulala: kidonge hunata kwenye koo la chakula na kulichoma, na mtu huamka na maumivu ya kifua anayodhani ni ya moyo. Imeze na glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa wima, usilale kwa angalau nusu saa. La pili ni maziwa na vidonge vya madini ya chuma: vinaikamata tumboni isiingie mwilini, kwa hiyo viachanishe kwa saa 2 au 3. La tatu ni jua. Ngozi huungua kirahisi. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 8 wasipewe.

Spironolaktoni ni ya wanawake peke yao, na kwa chunusi za taya zinazofuata hedhi tunaiona bora kuliko doksi, kwa sababu inagusa chanzo, homoni za kiume zinazoamsha tezi za mafuta. Ni dawa ya zamani ya presha na ya kutoa maji mwilini, ndiyo sababu farmasi inaweza kukushangaa ukiitaja kwa uso. Uingereza, utafiti wa SAFA uliochapishwa mwaka 2023 uliwafuata wanawake 410: 50 mg kwa siku kwa wiki 6, kisha 100 mg. Wiki ya 24, 82% ya waliomeza dawa walisema wamepata nafuu, dhidi ya 63% ya waliopewa kidonge kitupu. Wiki ya 12 tofauti ilikuwa ndogo sana. Maana yake ni subira ya nusu mwaka.

Hasara zake: kukojoa mara nyingi, kizunguzungu kwa mwenye presha ya chini, hedhi kupoteza mpangilio. Huongeza potasiamu kwenye damu, hivyo mwenye ugonjwa wa figo asiiguse, na anayemeza enalapril ya presha au dawa za jamii hiyo apimwe kwanza. Kuna mtego mmoja unaosahaulika: Bactrim, ile antibiotiki ya kotrimoksazoli. Ikichanganywa na spironolaktoni inaweza kupandisha potasiamu kwa hatari, nayo Bactrim humezwa kwa mambo mengi. Mwambie kila anayekuandikia dawa. Na usishike mimba ukiwa juu yake, kwani inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Mwanaume akiimeza anaweza kuota matiti.

Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni husaidia pia, ukisubiri miezi 3 hadi 6, na vinafaa kwa anayehitaji uzazi wa mpango vilevile. Havimfai mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu, mwenye kipandauso kinachoanza na vimulimuli machoni, wala mvutaji sigara aliyepita miaka 35. Anayemeza rifampisini ya kifua kikuu havimlindi vizuri dhidi ya mimba. Lakini kuna upande wa pili ambao wauguzi wa uzazi wa mpango hawausemi kila mara: kipandikizi cha mkononi na sindano ya miezi mitatu havina estrojeni, na kwa baadhi ya wanawake ndivyo vinavyoleta chunusi. Kama vipele vilianza miezi michache baada ya kuwekewa, taja hilo kabla ya kununua tyubu ya kwanza. Usikitoe kwa hasira bila njia nyingine mkononi.

Isotretinoini: ya mwisho kwa nguvu na kwa hatari

Hakuna dawa ya chunusi inayoifikia. Ni kwa vipele vya ndani vinavyoacha makovu, au chunusi zilizogoma mbele ya vidonge vingine. Ufaransa, tangu 2015 ni daktari wa ngozi peke yake anayeruhusiwa kuianzisha, na sababu ni moja: mimba. Kidonge hiki humharibu mtoto tumboni vibaya sana. Mwanamke huhitaji kinga ya mimba ya uhakika mwezi mmoja kabla, muda wote wa dawa, na mwezi mmoja baada, pamoja na kupima mimba kila mwezi. Bila hayo hata daktari mzuri atakataa, na ana haki.

Dozi huhesabiwa kwa kilo. Kwa kawaida ni 0.5 hadi 1 mg kwa kilo kwa siku, mpaka jumla ifike 120 hadi 150 mg kwa kilo. Mtu wa kilo 60 akimeza 30 mg kwa siku anahitaji 7,200 mg ili afike 120 kwa kilo, yaani siku 240, miezi 8. Kwa 40 mg ni siku 180. Hesabu hii ifanye kabla ya kuanza, kwa sababu kosa la kawaida ni kununua boksi mbili, uso ukasafika, pesa ikaisha, dawa ikaachwa katikati; hapo chunusi hurudi kwa urahisi. Imeze na chakula chenye mafuta. Bukari na samaki wa kukaanga wanatosha. Tumboni kukiwa kutupu dawa kidogo tu ndiyo inayoingia.

Midomo itakauka kwa kila mtu, kiasi kwamba isipokauka shuku kidonge chenyewe. Macho na pua navyo hukauka. Damu hupimwa labo kwa ajili ya ini na mafuta kabla ya kuanza na wakati wa tiba. Usiichanganye na doksisiklini, maana zote mbili pamoja huweza kupandisha shinikizo ndani ya kichwa, wala na vidonge vya vitamini A. Usitoe damu kwa mgonjwa mpaka mwezi mmoja upite baada ya kumaliza. Hisia zikibadilika, ukawa na huzuni isiyoeleweka, simamisha na umwone daktari.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati bidhaa 1 ya dawa kati ya 10 ni hafifu au bandia. Kwa kidonge kama hiki, cha mkononi barabarani usikinunue. Boksi iwe imefungwa, namba ya loti kwenye boksi ifanane na ile ya kwenye karatasi ya vidonge.

Kwa mtu wa namna gani, nini

Mama mjamzito: benzoili asubuhi, azelaiki usiku, hakuna kingine. Mwanamke wa miaka 32, vipele vitatu vya ndani kwenye taya kila mwezi, hana mpango wa mimba: adapaleni usiku, na spironolaktoni kwa ordonansi ya daktari, huku akitumia kinga. Kijana wa mazoezi anayekunywa poda ya protini ya maziwa: aiache poda wiki 8 kabla ya kununua kitu, inajulikana kuchochea chunusi kwa baadhi ya watu. Mwenye alama nyingi na vipele vichache: azelaiki na krimu ya jua. Mwenye vinundu vinavyoacha mashimo: asipoteze miezi sita kwenye tyubu, aende moja kwa moja kwa daktari wa ngozi, Cliniques Universitaires au hospitali nyingine kubwa yenye huduma hiyo, kwa sababu shimo likishaingia hakuna krimu inayolijaza.

Uso ukisafika, antibiotiki na benzoili vinaweza kusimama. Adapaleni ibaki, usiku mbili au tatu kwa wiki, punje ileile ya njegere.